Maswali ya Wasomaji: Sauti ya "Panda, Panda" Inapolia Angani

Barua nyingi za awamu hii zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: ndege mbili zikikaribiana angani, ni nani anayeamua ipi ipande na ipi ishuke? Tumechagua tisa. Baadhi tumezijibu kwa kirefu, kwa kuwa jibu la mkato lingeweza kumpotosha msomaji aliye njiani kuwa rubani.

SWALI: Ndugu wahariri, nilikuwa abiria katika ndege iliyokuwa ikishuka taratibu. Ghafla ikaacha kushuka, ikainua pua kidogo, injini zikaunguruma. Baada ya nusu dakika hivi ikaendelea kushuka kama kawaida. Kapteni alitangaza kwamba mtambo ulimwagiza aepe ndege nyingine. Je, tulikuwa tumekaribia kufa?

JIBU: Yaelekea hapana, ingawa hofu yako tunaielewa. Mtambo huo ni TCAS, marubani huutamka "tikas". Kila sekunde hupeleka mawimbi ya redio ya megahezi 1030 kuziuliza ndege zilizo jirani: "Nani yupo hapo?" Transponda ya kila ndege, yaani kifaa chake cha redio cha kujitambulisha, hujibu kwa megahezi 1090. Muda ambao jibu linachukua kurudi huonyesha umbali, na ndani ya jibu lenyewe mna kimo cha ndege hiyo. Kwa kulinganisha majibu yanayofuatana, kompyuta hupata kasi ambayo ndege hizo mbili zinakaribiana, kisha hukokotoa zimebaki sekunde ngapi zifike mahali pa kukaribiana kabisa.

Sekunde hizo ndizo msingi wa kila kitu. Chukua ndege mbili kubwa zinazoelekeana uso kwa uso, kila moja ikienda takriban kilomita 890 kwa saa. Zinakaribiana kwa karibu nusu kilomita kila sekunde. Zikiwa zimetengana kwa kilomita 17 bado macho yanahangaika kuiona nyingine, ilhali zimebaki sekunde 35 tu.

Mtambo huzungumza kwa hatua mbili. Ya kwanza ni tahadhari, ambayo marubani huiita TA, na sauti husema "Traffic, traffic". Ya pili ni agizo la kuepa, yaani RA, na hapo sauti huamuru: "Climb, climb" ukitakiwa kupanda, "Descend, descend" ukitakiwa kushuka, au "Level off, level off" ukitakiwa kuacha kupanda au kushuka. Juu ya futi 20,000 tahadhari hutoka zikiwa zimebaki sekunde 48, na agizo zikiwa zimebaki 35. Chini zaidi, ambako ndege huenda polepole na zimesongamana, muda hupunguzwa ili mtambo usipige kelele ovyo: kati ya futi 5,000 na 10,000 ni sekunde 40 kwa tahadhari na 25 kwa agizo.

Ulichokihisi ni mwitikio wa kawaida. Agizo la kwanza huhesabu kwamba rubani ataanza kuitikia ndani ya sekunde 5, kwa nguvu ya robo tu ya uzito wa mwili wako, hadi ndege ifikie kasi ya kupanda au kushuka ya futi 1,500 kwa dakika. Kutoka usawa hadi kasi hiyo ni sekunde 3 hivi. Kikombe cha chai hakimwagiki. Lengo ni kwamba ndege hizo zikipishana, kati yao kuwe na nafasi ya wima ya futi 300 hadi 700 kulingana na kimo. Mara nyingi zingepishana salama hata bila agizo. Ila mtambo haungoji uhakika huo, na wala haupaswi kuungoja.

SWALI: Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Tangu siku ya kwanza tumefundishwa kumtii mwongoza ndege. Sasa tumefika somo la TCAS tunaambiwa agizo la mtambo liko juu ya neno lake. Itakuwaje kama yeye anaona kitu ambacho mtambo hauoni?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Umeuliza swali zito kuliko yote ya awamu hii, na limewahi kugharimu maisha ya watu.

Kanuni za ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hazina utata: agizo la kuepa likitoka, fuata agizo, hata kama linapingana na maelekezo ya kituo. Na usigeuze kamwe upande, yaani usishuke mtambo unapokwambia panda. Hili la pili ndilo baya kuliko yote, na sababu yake ndiyo tunayotaka uishike.

TCAS ya ndege yako haiamui peke yake. Ikiona kwamba ile nyingine nayo ina TCAS, mitambo hiyo miwili huwasiliana kupitia transponda zake na kugawana pande: mimi napanda, wewe shuka. Zote mbili zikichagua upande mmoja kwa wakati uleule, ndege yenye namba ndogo ya utambulisho wa transponda hubaki na uamuzi wake, na nyingine hugeuza wake. Haya yote huisha kabla rubani hajasikia sauti. Kwa hiyo unapoambiwa "panda", kuna mwenzako, usiyemwona na usiyemsikia, ambaye wakati huohuo ameambiwa "shuka" na pengine ameshaanza kushuka. Ukishuka nawe, unamfuata kulekule anakokukimbia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku wa tarehe 1 Julai 2002 juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Tupolev Tu-154 ya shirika la Bashkirian na Boeing 757 ya mizigo ya DHL zilikuwa zinakutana katika futi 36,000. Mwongoza ndege wa Zürich, aliyekuwa akihudumia vituo viwili vya kazi peke yake huku baadhi ya vifaa vyake vikiwa kwenye matengenezo, aligundua hatari akiwa amechelewa. Akaiambia Tupolev ishuke. Sekunde chache baadaye TCAS ya Tupolev ikasema panda, na ya Boeing ikasema shuka. Boeing ilitii mtambo. Ndani ya Tupolev rubani msaidizi alitaja kwamba mtambo unasema panda, lakini mwongoza ndege akarudia agizo lake, na ndege ikaendelea kushuka. Zote mbili zikawa zinashuka pamoja, hadi zikagongana karibu na futi 34,900. Watu wote 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule.

Miezi 17 kabla yake, tarehe 31 Januari 2001, Japani ilikuwa imeponea chupuchupu kwa kosa lilelile. Mwongoza ndege aliyekuwa mafunzoni alichanganya namba za ndege mbili za Japan Airlines, akaiambia Boeing 747 ishuke badala ya DC-10. TCAS ya 747 ikaagiza panda, kapteni akaendelea kushuka kama alivyoambiwa na kituo. DC-10 nayo ilikuwa inashuka kwa kutii mtambo wake. Dakika ya mwisho 747 ilisukumwa chini kwa nguvu kiasi kwamba watu wapatao 100 ndani yake waliumia. Hakuna aliyekufa, na pengine ndiyo sababu somo halikuenea haraka kama lilivyostahili.

Turudi kwenye swali lako: je, kama mwongoza ndege anaona zaidi? Anaona ndege nyingi zaidi, hilo ni kweli. Lakini picha ya rada yake hujirudia kila sekunde kadhaa, na ile ya safari ndefu huweza kuchukua sekunde 10 au zaidi, wakati mtambo wako unauliza kila sekunde. Zaidi ya hapo, mwongoza ndege kwa kawaida hajui mtambo umekuagiza nini mpaka wewe umwambie. Kwa hiyo katika sekunde hizo chache, hata awe hodari namna gani, yeye ndiye mwenye habari pungufu.

Yapo mambo machache yanayotangulia agizo la TCAS: onyo la ndege kupoteza uwezo wa kuelea, onyo la ardhi iliyo mbele, na onyo la upepo unaogeuka ghafla. Hayo yakilia, mtambo wenyewe hunyamazisha maagizo yake. "Nimeiona ile ndege kwa macho" haimo katika orodha hiyo. Usiku, au katika anga yenye ndege nyingi, unaweza kabisa kuwa unaitazama ndege isiyohusika.

SWALI: Nimesoma nadharia, sasa nataka hatua. Mikono inafanya nini, tangu sauti ya kwanza hadi mwisho?

JIBU: Mpangilio kamili utaupata kwenye kitabu cha ndege yako, na hicho ndicho cha kufuata. Ila mifupa ya kazi ni ileile.

Sauti ikisema "Traffic, traffic", tazama skrini. Ndege za mbali huonekana kama almasi tupu. Zilizo ndani ya kilomita 11 na tofauti ya kimo isiyozidi futi 1,200 huwa almasi iliyojazwa. Iliyosababisha tahadhari ni duara la njano, na iliyosababisha agizo ni mraba mwekundu. Tarakimu pembeni ni tofauti ya kimo kwa mamia ya futi: +05 maana yake iko futi 500 juu yako. Mshale huonyesha kama inapanda au inashuka kwa futi 500 kwa dakika au zaidi. Itafute nje kwa macho, rubani anayeendesha ashike usukani, na wakubaliane kwa sauti nani anaendesha. Usiiondoe ndege kwenye njia yake kwa sababu ya tahadhari peke yake. Tahadhari ni ya kukuandaa, basi.

Agizo likitoka, hesabu imeanza. Zima otopailoti, mfumo unaoiendesha ndege wenyewe. Kwenye ndege za Airbus zisizo na namna ya kuepa kwa otopailoti, zimeni pia flaiti dairekta zote mbili, ile mistari ya mwongozo kwenye skrini. Zikibaki zinawaka zitaendelea kukuelekeza kwenye njia ya awali inayopingana na agizo, na kidhibiti cha injini kinaweza kubaki katika hali isiyolinda mwendo wa ndege. Zikizimwa zote mbili, kidhibiti hicho hurudi kushika mwendo.

Kisha peleka pua, kwa ulaini, hadi mshale wa kasi ya wima uingie eneo la kijani na utoke kwenye jekundu. Kwenye Boeing nyingi utaona badala yake mipaka myekundu kwenye skrini ya mkao wa ndege, nawe unaiweka alama ya ndege nje ya mipaka hiyo. Katika kimo cha safari ndefu, futi 1,500 kwa dakika ni kama nyuzi 2 tu za pua. Katika mwendo mdogo wa kukaribia kutua ni nyuzi 5 au 6. Ukijua namba hizi mapema, mkono hautashtuka.

Makosa yanayojirudia ni mawili, nayo yanapingana. Kuna wanaosubiri, wakijiambia "ngoja nione kama ni kweli", na sekunde 5 zinakwisha. Na kuna wanaovuta kupita kiasi, wakapanda futi 4,000 kwa dakika pale ambapo 1,500 zilitosha, wakaingia katika kimo cha ndege ya tatu na kurusha wahudumu kwenye dari. Mtambo ukihitaji zaidi utasema. Sauti itakuwa "Increase climb" au "Increase descent", yaani futi 2,500 kwa dakika, na hapo unatarajiwa kuitikia ndani ya sekunde 2 na nusu. Ukisikia "Climb, climb now" baada ya kuwa unashuka, agizo limegeuzwa: geuka mara moja, kwa nguvu kuliko mwanzo. Na sauti ikikwambia "Level off" katikati ya kuepa, maana yake nafasi imeshapatikana. Punguza kasi ya wima, rudi usawa.

Kuna pia agizo la kukataza tu, "Monitor vertical speed". Hulazimiki kubadili chochote kama mshale tayari uko nje ya eneo jekundu. Kazi yako ni kuuzuia usiingie humo.

Redio inakuja baada ya ndege kuanza kuitikia. Maneno ni jina la safari yako na "TCAS RA", ukitamka "tii-kas-ar-ei". Kituo kikikupa maelekezo yanayopingana, jibu: "Unable, TCAS RA", yaani siwezi. Usianze kueleza. Sauti ya "Clear of conflict", yaani hatari imepita, ikitoka, rudi bila kukawia kwenye kimo ulichopewa na useme "Clear of conflict, returning to" ukitaja kibali chako. Wapo wanaosahau hatua hii kwa sababu ya afueni ya moyo, wakaendelea kupanda ndani ya anga ya watu wengine. Ukishatua, andika ripoti.

Jambo moja la mwisho kwenye swali hili: kama injini moja imezimika na ndege haina nguvu ya kupanda, taratibu za ndege nyingi hutaka swichi iwekwe kwenye hali ya tahadhari peke yake. Hapo mtambo wako hautakupa agizo usiloliweza, na wa ndege nyingine utajua kwamba wenyewe ndio wa kuepa.

SWALI: Kwa nini mtambo usimwambie rubani akate kulia au kushoto? Si ndivyo tunavyofanya barabarani?

JIBU: Kwa sababu haujui upande vizuri. Umbali unaupata kwa usahihi mkubwa, kimo pia, lakini mwelekeo hukadiriwa na antena ndogo iliyo juu ya ndege, na kosa la nyuzi kadhaa ni la kawaida. Hata rubani asithubutu kukata kona kwa kuitazama skrini ya TCAS. Isitoshe, ndege kubwa ina upana wa mita 60 na unene wa mita chache. Kupishana kwa juu na chini kunahitaji nafasi ndogo zaidi, na huanza kuleta matokeo mapema zaidi kuliko kona.

SWALI: Je, TCAS inaziona ndege zote? Na droni?

JIBU: Inaona transponda, haioni ndege. Hiyo ndiyo tofauti ambayo msafiri hadhani ipo.

Ndege yenye transponda inayotuma kimo huonekana kikamilifu. Yenye transponda isiyotuma kimo hutoa tahadhari tu, bila tarakimu, na agizo la kuepa halitoki kabisa kwa kuwa mtambo haujui uende juu au chini. Isiyo na transponda, au ambayo transponda yake imezimwa, kwa mtambo haipo. Ndege nyingi zisizo na injini, puto, na karibu droni zote ndogo zimo katika kundi hilo.

Mfano wa kuumiza ni wa tarehe 29 Septemba 2006 juu ya msitu wa Amazon, Brazili. Boeing 737 ya shirika la Gol na ndege ndogo ya kifahari aina ya Legacy zilikuwa zinaelekeana, zote katika futi 37,000. Transponda ya Legacy haikuwa ikituma, na marubani wake hawakujua. Kwa hiyo Boeing haikuiona. Na kwa kuwa TCAS haifanyi kazi bila transponda ya ndege yake mwenyewe, Legacy nayo haikuiona Boeing. Hakuna sauti iliyotoka upande wowote. Boeing ilianguka na watu wote 154 walikufa. Legacy, ikiwa na bawa lililokatika ncha, ilitua na watu wake 7 wakiwa hai. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba maandishi madogo ya kuonyesha TCAS imezimika yasichukuliwe kuwa pambo la skrini.

Mtambo pia hujizuia karibu na ardhi. Chini ya takriban futi 1,100 hauagizi kushuka, chini ya futi 1,000 hauagizi chochote, na chini ya futi 500 hivi hata sauti ya tahadhari hunyamaza.

Kwa wanaouliza sheria: ICAO inadai TCAS ya daraja la pili, yenye kutoa maagizo, kwa ndege za injini za tabo zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 5,700 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19.

SWALI: Mtambo huu ulianza baada ya ajali gani?

JIBU: Baada ya nyingi. Wazo lilipata uzito baada ya ndege mbili kugongana juu ya Grand Canyon, Marekani, tarehe 30 Juni 1956 na kuua watu 128. Lakini ilichukua miaka 30, na ajali nyingine ya tarehe 31 Agosti 1986 huko Cerritos, California, iliyoua watu 82 wakiwemo 15 waliokuwa chini, ndipo Bunge la Marekani likalazimisha mtambo huu kwa sheria. Wakati huo nchi nyingi zilikuwa bado. Tarehe 12 Novemba 1996, Boeing 747 ya Saudia na Ilyushin ya Kazakhstan ziligongana karibu na Delhi, India, zikaua watu 349. Hadi leo hakuna mgongano wa angani uliochukua roho nyingi kuliko huo.

SWALI: Mimi ni rubani wa muda mfupi kazini. Kwa nini mtambo hulia "Level off" wakati ninapanda kwenda kimo nilichopewa kihalali, na ndege ya juu yangu iko futi 1,000 zaidi kama inavyotakiwa?

JIBU: Kwa sababu TCAS haijui kimo ulichopewa. Haisomi namba uliyoiweka kwenye otopailoti. Inajua unapanda, na inajua kasi yako.

Piga hesabu. Unapanda futi 3,000 kwa dakika kwenda 34,000, na mwenzako yuko usawa katika 35,000. Ukifika 33,500, umebakiza futi 1,500 hadi kimo chake, ambazo kwa kasi yako ni sekunde 30. Kiwango cha agizo katika kimo hicho ni sekunde 35. Kama mpo karibu pia kwa mlalo, sauti italia, ingawa kichwani mwako unajua utasimama kwenye 34,000. Ukiwa unapanda futi 1,500 kwa dakika, mahali palepale una sekunde 60, na otopailoti inaanza kulaza ndege kabla mtambo haujawa na sababu ya kusema.

Kwa hiyo, ukiwa umejulishwa kuna ndege jirani, punguza hadi chini ya futi 1,500 kwa dakika katika futi 1,000 za mwisho. Ni desturi nzuri hata usipojulishwa. Usiite agizo kama hilo la uongo, wala usilipuuze ukidhani umelielewa. Litii kama lingine lolote, kwa maana siku otopailoti itakapopitiliza kimo, sauti itakuwa ileile.

Ukisikia wazee wa kazi wakitaja "Adjust vertical speed", hayo ni maneno ya toleo la zamani. Yalitaka rubani apunguze kasi ya wima, lakini baadhi waliyaelewa kinyume na kuiongeza. Toleo la 7.1 likayafuta na kuweka "Level off", ambayo haielekezi pawili. Toleo hilohilo liliongeza uwezo wa kugundua kwamba ndege mbili zinapanda au kushuka pamoja, na kumgeuzia agizo yule anayetii. Hilo ni pengo la Überlingen lililozibwa.

SWALI: Niko mafunzoni kuwa mwongoza ndege. Rubani akisema "TCAS RA" nami naona nafasi nzuri ya kumsaidia, nifanye nini?

JIBU: Jibu "Roger", yaani nimekupata, na usimpe ndege huyo agizo lolote la kubadili njia, hata moja, hata la kukata kona. Tangu aliposema, jukumu la kuitenganisha ndege hiyo na zile zinazoathirika na mwendo wake si lako tena. Linarudi kwako atakaporipoti kwamba amerejea kwenye kibali chake, au atakapokubali kibali kipya utakachompa baadaye. Katikati hapo wape habari marubani wengine walio karibu.

Ugumu ni pale ambapo hajasema. Juu ya Überlingen, taarifa ya Boeing kwamba inashuka kwa agizo la TCAS ilitoka sekunde za mwisho, na mwongoza ndege alikuwa na ndege nyingine ya kuitua kwenye masafa mengine ya redio. Kwa hiyo ukiona kimo cha ndege kinabadilika bila wewe kuamuru, na jirani yake yupo karibu, dhani kwanza kwamba kuna agizo ambalo hujaambiwa.

SWALI: Kama binadamu ndiye anayechelewa au kubisha, kwa nini kompyuta isiepe yenyewe?

JIBU: Kwenye baadhi ya ndege inaepa. Airbus ilianza na A380 mfumo unaounganisha TCAS na otopailoti: agizo likitoka, otopailoti inabaki imewashwa na kupeleka ndege kwenye eneo la kijani yenyewe, kwa nguvu ileile ya robo iliyokadiriwa. Rubani anasimamia na anaweza kuichukua ndege wakati wowote. Tunauunga mkono mfumo huo waziwazi, kwa kuwa unaondoa makosa yote mawili ya mikono tuliyoyataja, la kuchelewa na la kuvuta kupita kiasi. Lakini ndege nyingi zinazoruka bado hazina, na hata aliye nao lazima aijue kazi ya mikono, maana otopailoti ikikataa katikati ya agizo zitakuwa zimebaki sekunde 20 au pungufu.